Mzee, Wewe Pumzika

Lugha ya Kiswahili haina neno moja tu la kumtaja mtu aliyeishi miaka mingi, bali ina msururu wa maneno ambayo kila moja hubeba hukumu yake, na anayetaka kujua wasemaji wa lugha hiyo wanauonaje uzee hana haja ya kuanza na vitabu vya saikolojia, kwa kuwa kamusi pekee yatosha kumfungulia mlango. Shina moja la -kongwe huzaa mkongwe na kikongwe: mkongwe ni mwanamuziki au mwanasiasa ambaye muda mrefu kazini umempa hadhi, ilhali kikongwe ni yule aliyebaki kuhurumiwa, na umbali wote ulio kati ya hadhi na huruma umebebwa na kiambishi kimoja cha mwanzo. Mzee ni jina la heshima hata kwa mkuu wa ofisi mwenye miaka 40, lakini kizee ni tusi. Shaibu, mwanamume mwenye mvi, ni neno lililobaki na utulivu wake. Ajuza, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu humaanisha mwanamke mzee na si zaidi, leo husikika mno katika hadithi za wachawi na katika magomvi ya uani. Vijana wa mitandaoni nao wamelichukua neno wahenga, wakalivua kilemba chake, wakawavisha watu waliovuka miaka 40 na kukumbuka simu za mezani, kwa mzaha ambao wanaotaniwa huupokea kwa kicheko chenye uchungu kidogo ndani yake.

Mtazamo wa kisaikolojia juu ya uzee, ambao ndio mada ya mazungumzo haya, ni jumla ya imani, hofu na matarajio aliyonayo mtu kuhusu miaka ya mwisho ya maisha, na una pande mbili zisizopaswa kuchanganywa: jinsi mtu anavyowaona wazee wengine, na jinsi anavyouona uzee wake mwenyewe, uwe umekwisha kufika au ungali njiani. Upande wa kwanza ulipata jina lake la kitaalamu mwaka 1969, pale daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, alipoona wakazi wa kitongoji kimoja cha watu wenye uwezo karibu na Washington wakipinga kujengewa karibu yao makazi ya wazee wenye kipato kidogo, akauita mwenendo huo ubaguzi wa umri na kuuweka katika safu moja na ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Zaidi ya nusu karne baadaye, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2021 ilikadiria kwamba mtu mmoja katika kila wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee. Hata hivyo ubaguzi huu una jambo moja la ajabu ambalo ndugu zake hawana, kwani mbaguzi wa rangi hana hofu ya kuamka siku moja akiwa na rangi ya yule aliyembagua, bali anayemdharau mzee, Mungu akimjalia umri, ataingia mwenyewe katika kundi hilo akiwa na akiba nzima ya dharau aliyoiweka kwa miaka 50.

Akiba hiyo ndiyo iliyomshughulisha Becca Levy, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye nadharia yake hueleza kwamba dhana za jumla juu ya wazee humwingia mtu tangu utotoni kupitia hadithi, mizaha na maneno ya watu wazima, hukaa ndani yake bila kumsumbua kwa kuwa bado hazimhusu, na siku umri unapomfikia humgeukia, zikawa maelezo yake juu ya nafsi yake. Mwaka 2002 Levy na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za watu 660 wa mji mdogo wa Oxford katika jimbo la Ohio, waliokuwa na umri wa miaka 50 na kuendelea walipoanza kuhojiwa mwaka 1975 juu ya namna wanavyouona uzee wao. Majibu hayo yalipolinganishwa na kumbukumbu za vifo, ilionekana kuwa waliouona uzee wao kwa wema waliishi, kwa wastani, miaka 7.5 zaidi ya wale waliouona kwa ubaya. Watafiti walijitahidi kuzingatia tofauti za umri, jinsia, kipato, upweke na afya, lakini msikilizaji makini ana haki ya kuuliza kama mtu aliyekwisha kuugua bila kujulikana hawezi kuwa ndiye anayeuona uzee vibaya, na swali hilo halijafungwa kabisa. Wala takwimu hiyo haimaanishi kwamba mtu akijilazimisha kutabasamu mbele ya kioo ataongezewa miaka saba na nusu, ingawa wapo wauzaji wa vitabu wanaoielewa hivyo.

Linaloaminika zaidi ni njia ambazo kwazo fikra hugeuka kuwa jambo la mwilini, na mojawapo inaonekana waziwazi katika kauli mbili fupi zinazosikika kila siku: "ni uzee tu" na "ni umri huo". Mtu mwenye miaka 62 ambaye goti linamuuma, ambaye huamka mara nne usiku kwenda msalani, au ambaye macho yake yameanza kuona ukungu, husema ni uzee tu, na watoto wake huitikia hivyo hivyo, na pengine hata mhudumu wa zahanati hukubaliana nao, kumbe kukojoa kila mara huenda kukawa ni kisukari, na ukungu ule huenda ni mtoto wa jicho anayeondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi. Uzee hapo umefanywa kuwa jina la ugonjwa, na ugonjwa wenye jina hilo hauna dawa, kwa hiyo hakuna anayeitafuta. Ni vivyo hivyo kwa msonono, yaani ile hali ya huzuni ya muda mrefu inayomwondolea mtu hamu ya chakula, usingizi na mazungumzo, ambayo kwa kijana hupelekwa hospitalini au kwa kiongozi wa dini, lakini kwa mzee hupewa jina la utulivu.

Katika miji ya Tanzania upo wakati ambao mtu hutambulishwa rasmi kwenye uzee wake, nao ni siku ya shikamoo isiyotarajiwa. Salamu hiyo, ambayo kwa maelezo ya kawaida hutokana na kauli ya kushika miguu ya mkubwa, ni hazina ya adabu, na mtoto asiyeitoa huonekana hakulelewa. Lakini kondakta wa daladala mwenye miaka 20 na ushei anapomwambia mwanamke wa miaka 43, "Shikamoo mama, sogea kidogo nyuma," mwanamke yule hukaa kimya kwa nukta mbili kabla ya marahaba kutoka, na katika nukta hizo hupita hesabu kubwa. Wengine hukataa papo hapo kwa kusema wasizeeshwe. Wengine huitikia na jioni hununua piko ya kufunika mvi. Chombo cha heshima kimepokewa kama taarifa ya hasara, na hapo ndipo penye ushahidi kwamba jamii inaweza kuheshimu wazee kwa dhati na papo hapo ikauogopa uzee, kwa sababu heshima ile hupewa cheo, na hofu ile ni ya mwili.

Husemwa mara nyingi, na husemwa kwa fahari, kwamba ubaguzi wa umri ni ugonjwa wa Ulaya na Marekani, ambako wazee hupelekwa katika nyumba maalumu, na kwamba Mwafrika humweka mzazi wake nyumbani. Dai hili lina ukweli wake, lakini limezoeleka mno hata halichunguzwi. Bibi anayeletwa mjini kutoka kijijini kuishi kwa mwanawe hupewa chumba, kitanda kizuri na dawa zake za presha, na asubuhi ya kwanza, anapouona ungo wa mchele juu ya meza, huuvuta mapajani na kuanza kuchagua, vidole vikitenga chuya na vijiwe kwa mwendo ambao havijauacha kwa miaka 60. Mkwe wake hutoka chumbani, hushtuka, humwondolea ungo kwa mikono miwili, na kwa upendo usio na hila humwambia, "Mama, wewe pumzika, dada atafanya." Bibi huketishwa mbele ya televisheni. Kesho yake huzuiwa kufagia uani, keshokutwa huzuiwa kwenda dukani asije akagongwa na bodaboda, na baada ya miezi michache huanza kulalamika kwamba mikono yake imekufa ganzi na kwamba hakumbuki siku za juma, jambo ambalo familia nzima hulieleza kwa kauli iliyokwisha kutajwa: ni uzee tu.

Mkwe yule hakumdharau mama mkwe wake. Amemheshimu kwa namna aliyofundishwa, na hata wanazuoni wamewahi kuipa namna hiyo sura ya sayansi. Mwaka 1961 watafiti Elaine Cumming na William Henry walitoa nadharia ya kujitenga, iliyodai kwamba mzee na jamii huachana taratibu kwa kuridhiana, kila upande ukipunguza madai yake kwa mwingine, na kwamba jambo hilo ni la kawaida na lina manufaa kwa wote. Nadharia hiyo ilipingwa sana baadaye, kwa kuwa ilishindwa kutofautisha anayeondoka uwanjani kwa hiari yake na anayeondolewa.

Jaribio lililogusa jambo hilo kwa ukaribu zaidi lilifanywa na Ellen Langer na Judith Rodin katika nyumba ya wazee ya jimbo la Connecticut na kuchapishwa mwaka 1976. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa na msimamizi kwamba maisha ya humo ni dhamana yao, kwamba waamue wenyewe mpangilio wa vyumba vyao na usiku wa kutazama sinema, na kila mmoja akapewa mmea wa kuumwagilia mwenyewe. Wakazi wa ghorofa nyingine walielezwa kwa upole huohuo kwamba wafanyakazi wangewatunza vizuri, nao wakapewa mimea ambayo wauguzi ndio waliokuwa wakiimwagilia. Baada ya wiki 3 wale wa ghorofa ya kwanza walionekana wachangamfu, wepesi na wenye furaha kuliko wenzao. Ufuatiliaji wa miezi 18 baadaye ulionyesha pia tofauti ya vifo, lakini hesabu hiyo ilikuja kusahihishwa ikaonekana dhaifu kuliko ilivyotangazwa mwanzo, na kwa kuwa waliohusika hawakufika hata 100, ni vema isitiwe chumvi. Kinachobaki bila hiyo kinatosha: ghorofa zote mbili zilihudumiwa kwa wema, na tofauti ilikuwa ni nani anayeshika kopo la maji.

Jambo jingine ambalo familia hulitafsiri vibaya ni mzee kurudia hadithi zake. Wajukuu humsikia babu akieleza kwa mara ya kumi na moja jinsi alivyokosa meli ya kwenda Pemba, au jinsi alivyogombana na msimamizi wake kwenye shamba la mkonge, nao hutazamana na kucheka, na mmoja huenda akammalizia sentensi. Butler yuleyule, katika makala yake ya mwaka 1963, alitoa maelezo tofauti: kwamba mtu anayejua kuwa muda wake unapungua hufanya kazi ya ndani ya kuyapitia upya maisha yake, akiyarudia hasa yale yaliyobaki bila kutatuliwa, na kwamba kusimulia kwa sauti ni sehemu ya kazi hiyo wala si lazima kuwe dalili ya akili kuchakaa. Erik Erikson, ambaye mwaka 1950 aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua 8, aliiona hatua ya mwisho kuwa mvutano baina ya ukamilifu wa nafsi, yaani kuyakubali maisha kama yalivyokuwa pamoja na makosa yake, na kukata tamaa kwa mtu anayeona muda wa kusahihisha umekwisha. Kwa mwanga huo, anayetaka kumsaidia babu yule angeuliza swali moja juu ya msimamizi wa mkonge, hasa lile ambalo babu huliruka kila mara, kuliko kumkumbusha kwamba hadithi hiyo imekwisha kusikika. (Ni lazima iongezwe kwamba kurudia swali lilelile baada ya dakika 5, au kupotea njia ya nyumbani, ni jambo tofauti linalohitaji daktari.)

Palipo na hofu ya uzee bila ufahamu, mambo hayaishii kwenye kicheko. Katika baadhi ya vijiji vya Usukumani, nchini Tanzania, macho mekundu ya mwanamke mzee yamechukuliwa kwa miongo mingi kuwa alama ya uchawi, ilhali macho hayo yamechomwa na moshi wa samadi ya ng'ombe inayopikiwa tangu usichana, mahali ambapo kuni zimeadimika. Na wanawake wengi wameuawa kwa mapanga kwa alama hiyo. Katika kaunti ya Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, alama imekuwa mvi, na wazee wengi, hasa wanaume, wameuawa na watu wa karibu nao, mara nyingi ikibainika baadaye kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi kulikuwa na shamba la kurithi. Huko wapo wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, na hawafanyi hivyo kwa urembo. Mwanamke wa mjini aliyeshtushwa na shikamoo na mzee wa kijijini aliyekimbia panga wanaweza kununua paketi ya rangi iliyo sawa, na kati yao kuna umbali mkubwa wa hatari, lakini wote wawili wamesoma hukumu moja juu ya unywele mweupe.

Tiba ya mitazamo haipatikani kwa mahubiri peke yake, kwa kuwa heshima huenda pamoja na mkono unaotoa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kuendesha nyumba, lakini kilitosha sukari, nauli ya kwenda hospitali na sarafu ya kumpa mjukuu, na mzee anayempa mjukuu sarafu haketi barazani kama anavyoketi anayesubiri kupewa. Kwa wafanyakazi wa umma wa Tanzania bara, ambao wengi wao hulazimika kustaafu wafikapo miaka 60, mafao ni jambo la kusubiriwa kwa hamu, ila hesabu nyingine huwa haikuandaliwa: mtu aliyeitwa mkurugenzi kwa miaka 15 huamka Jumatatu bila anayemsubiri, na wapo wanaoporomoka kiafya muda mfupi baadaye kwa sababu ambazo kikokotoo cha pensheni hakizioni.

Wapo waliokataa kupumzishwa. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kote kwa jina la Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na fundi wa unyago wa Unguja, alipewa mwaka 2005 tuzo ya kimataifa ya WOMEX akiwa na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika. Yeye mwenyewe hakutaja mwaka aliozaliwa bali alikumbuka enzi za sarafu ya rupia, na filamu ya mwaka 2006 juu ya maisha yake ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye umri sawa na ulimi wake. Aliendelea kupiga ngoma na kupanda jukwaani akiwa na umri wa kuwa bibi wa mabibi, akafariki Aprili 2013. Ni rahisi kumsifu mtu kama huyo na kumfanya kipimo cha wote, na hilo lingekuwa kosa jingine, kwa kuwa mzee asiye na sauti ya kuimba, au mwenye miguu iliyochoka kweli, hana deni la kuwathibitishia vijana kwamba bado ana nguvu, wala anayetaka kweli kulala mchana hapaswi kushikishwa kopo la kumwagilia maua kwa nguvu. Suala ni nani anayeamua.

Kimani Ng'ang'a Maruge aliamua. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee huyo, aliyejihesabia miaka 84, alijipatia nafasi katika tangazo ambalo halikumkusudia, akakata suruali yake ndefu ikawa kaptula ya sare, na Januari 2004 akaandikishwa darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe badala ya kusomewa. Wapo waliosema kwamba anachukua nafasi ya mtoto. Mwalimu mkuu alimpokea, wanafunzi wenzake wakamzoea hata akawa kiongozi wao, na mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimwondoa Eldoret. Mwaka 2008, jijini Nairobi, akaanza tena masomo, safari hii katika darasa la sita. Alifariki Agosti 2009, akiwa hajafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.